Kifua cha Mwanajeshi: Historia ya Upasuaji wa Saratani ya Mapafu

   Leo tunaacha kidogo habari za chanjo na uji wa mtoto, tunageukia kifua cha mtu mzima: yule mzee wa nyumbani mwako anayekohoa kila asubuhi kabla ya chai, na ambaye ukimwambia aende hospitali anakujibu kwamba ni baridi tu.

Nataka nikusimulie historia. Ni ya upasuaji wa saratani ya mapafu inapogunduliwa mapema, na ya wanajeshi wastaafu ambao wametufundisha mengi kuhusu ugonjwa huo. Wengi wao ni Wamarekani. Babu zetu waliokwenda Burma na King's African Rifles nao walikuwa wanajeshi, lakini hesabu nitakazokupa zinatoka Marekani kwa sababu huko serikali ilikuwa na hospitali zake za wastaafu wa jeshi, na faili la mtu lilifuatwa kwa miaka mingi baada ya yeye kuvua sare.

Tuanze mwaka 1918. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vinaendelea. Katika kambi za jeshi la Marekani vijana walikuwa wanakufa kabla hata ya kupanda meli kwenda vitani. Surua na homa kali ya mafua ziliingia kambini, zikafuatwa na nimonia, na nimonia ikaacha usaha ndani ya kifua, kati ya pafu na mbavu. Madaktari walifanya walivyofundishwa shuleni: pasua kifua haraka, toa usaha. Lakini kwa wastani karibu vijana 30 kati ya kila 100 waliopasuliwa hivyo walikufa. Jeshi likaunda tume ya kuchunguza jambo hilo, na ndani yake alikuwamo daktari mpasuaji aliyeitwa Evarts Graham, aliyefanya kazi katika Camp Lee, jimbo la Virginia.

Nikueleze alichokigundua, maana ndicho msingi wa yote yanayofuata. Kifua ni kama chupa iliyofungwa. Tunavuta pumzi kwa sababu mbavu zinapanuka na kiwambo kinashuka, hewa ikaingia kwa njia moja tu, ile ya koo. Ukitoboa ukuta wa kifua, hewa inaingia kwa tundu hilo jipya, na pafu linasinyaa kama puto lililotobolewa. Siku za mwanzo za ugonjwa usaha huwa mwepesi kama maji, na pafu bado linaelea. Kijana aliye na nimonia, anayepigania pumzi kwa kile kidogo kilichobaki, ukimfungulia kifua wakati huo umemmaliza. Graham na wenzake wakasema: msiwe na haraka ya kupasua. Tumieni sindano na mpira uliofungwa usioruhusu hewa kuingia, mkingoje mpaka usaha uwe mzito na pafu lishikamane na ukuta wa kifua. Vifo vikapungua sana, vikabaki vichache kati ya kila mia.

Basi wanajeshi hao wagonjwa ndio waliomfundisha Graham jinsi ya kufungua kifua bila kumuua mwenye kifua. Mwaka uliofuata, 1919, akahamia mji wa St. Louis kuwa mkuu wa upasuaji katika Chuo Kikuu cha Washington.

Mwaka huohuo, katika mji huohuo, kulikuwa na mwanafunzi wa udaktari aitwaye Alton Ochsner. Siku moja mwalimu wao aliwaita wanafunzi wote waje kushuhudia maiti ikipasuliwa. Mtu huyo alikuwa amekufa kwa saratani ya mapafu. Mwalimu aliwaambia waangalie vizuri, kwa kuwa ugonjwa ule ulikuwa adimu kiasi kwamba huenda wasiuone tena maishani mwao. Na kweli, Ochsner hakuuona tena kwa miaka 17. Halafu mwaka 1936, akiwa sasa daktari mpasuaji New Orleans, akaona wagonjwa tisa ndani ya miezi sita. Alishtuka. Kitu gani kimetokea? Akawauliza habari zao mmoja mmoja. Wote walikuwa wanaume, wote walivuta sigara kwa wingi, na wote walianza kuvuta wakati wa vita.

Hapo, mama, ndipo utaona jinsi ugonjwa unavyoweza kujificha kwa miaka. Kabla ya vita vile wanaume wengi walivuta kiko, walitafuna tumbaku au walivuta biri kubwa. Sigara ya kiwandani ndiyo iliyofaa mahandakini, ndogo, nyepesi, inawashwa na kumalizika upesi. Jeshi liliigawa, na mashirika ya hisani nayo yakaigawa, tena kwa moyo mwema kabisa, yakiamini yanamliwaza kijana aliye mbali na mama yake. Vijana wale walirudi nyumbani na tabia hiyo. Miaka karibu 20 ikapita kimya. Kisha vifua vikaanza kuonyesha kilichokuwa kinapikwa ndani.

Jeshi halikujifunza mapema. Katika Vita Vikuu vya Pili pakiti ya chakula cha mwanajeshi wa Marekani aliye mstari wa mbele ilikuwa na sigara nne ndani yake, pamoja na biskuti na nyama ya kopo. Pakiti tatu kwa siku, sigara 12. Sigara ziliendelea kuwekwa kwenye vyakula vya jeshi hadi mwaka 1975. Hesabu ni yako: kijana aliyepewa sigara akiwa na miaka 19 mwaka 1970, alitimiza miaka 65 mwaka 2016.

Turudi St. Louis. Mwanzoni mwa mwaka 1933 alifika kwa Graham mgonjwa ambaye yeye mwenyewe alikuwa daktari, tena daktari wa akina mama wajawazito, kutoka Pittsburgh. Jina lake James Gilmore, umri miaka 48. Alikuwa na saratani kwenye pafu la kushoto. Wakati huo ugonjwa huo ulikuwa hukumu ya kifo. Wapasuaji wachache walikuwa wamejaribu kuondoa pafu lote kwa mara moja kwa sababu ya saratani, na hakuna mgonjwa aliyeishi. Inasimuliwa kwamba kabla ya upasuaji Gilmore alirudi kwao kupanga mambo yake, akaenda kuziba meno yake yaliyotoboka kwa dhahabu. Graham aliona hiyo ni dalili ya mtu mwenye matumaini. Baadaye ndipo akaambiwa kwamba katika safari hiyohiyo Gilmore alikuwa pia amenunua kipande cha ardhi cha kuzikwa.

Tarehe 5 Aprili 1933 akalazwa mezani katika hospitali ya Barnes. Mpango ulikuwa kuondoa sehemu ya juu tu ya pafu. Pafu letu la kulia lina sehemu tatu na la kushoto sehemu mbili, na mtu anaweza kuishi vizuri bila moja kati ya hizo. Lakini Graham alipofungua aliona uvimbe umekaa mahali ambapo kukata sehemu moja hakungetosha. Akaamua papo hapo kuondoa pafu zima. Akaondoa na mbavu kadhaa ili ukuta wa kifua ushuke, uzibe ule uwazi uliobaki. Gilmore akapona. Alirudi kazini, akaendelea kuwazalisha akina mama kwa pafu moja, akaishi hadi mwaka 1963. Miaka 30!

Ningependa kukuambia kwamba tangu siku hiyo kila kitu kilikuwa kizuri. Sivyo. Wengi waliopasuliwa katika miaka iliyofuata walikufa hospitalini kwa kuvuja damu, kwa usaha au kwa moyo kushindwa. Ilichukua miaka mingi ya kuboresha dawa za nusu kaputi, damu ya kuongezewa na dawa za kuua viini ndipo upasuaji huu ukawa jambo ambalo mgonjwa anaweza kulitarajia kulimaliza salama.

Graham mwenyewe alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Ochsner alipomwambia kwamba sigara ndiyo inayoleta saratani hii, alimjibu kwa dhihaka kwamba hata mauzo ya soksi za nailoni yameongezeka miaka hiyohiyo. Hata hivyo alikubali mwanafunzi mmoja, Ernst Wynder, achunguze jambo hilo. Mwaka 1950 wakachapisha matokeo yao juu ya wagonjwa 684 wa saratani ya mapafu. Karibu wanaume wote miongoni mwao walikuwa wamevuta sigara kwa wingi na kwa miaka mingi. Mwaka huohuo kule Uingereza Richard Doll na Austin Bradford Hill walipata matokeo kama hayo katika hospitali za London. Graham alikuwa mtu mwenye msimamo, lakini aliheshimu hesabu zake mwenyewe: akaacha sigara.

Alikuwa amechelewa. Mapema mwaka 1957 alipimwa akakutwa na saratani ya mapafu, nayo ilikuwa katika mapafu yote mawili. Hapakuwa na cha kupasua. Alimwandikia Ochsner kumweleza kwamba ugonjwa ulimnyemelea kama mwizi wa usiku. Akafa Machi mwaka huohuo. Mgonjwa wake Gilmore, aliyekuwa amenunua kaburi lake miaka 24 nyuma, alikuwa bado anatembea.

Miaka hiyo ndipo serikali ya Marekani ilipogeukia wanajeshi wake wa zamani kuwauliza maswali. Mtaalamu wa takwimu aitwaye Harold Dorn aliwaandikia barua wale waliokuwa na bima ya maisha ya serikali tangu walipokuwa jeshini. Zaidi ya 200,000 walijibu kama wanavuta sigara au la, ngapi kwa siku, tangu lini. Kisha kila aliyefariki, bima ilipolipwa, sababu ya kifo iliandikwa. Ni njia rahisi na ya akili sana, kwa kuwa familia haiwezi kusahau kudai bima. Wavutaji walikufa kwa saratani ya mapafu mara nyingi zaidi kuliko wasiovuta, na waliovuta zaidi walikufa zaidi.

Sasa tufike kwenye swali ambalo mtunzaji huuliza: mtu akigunduliwa mapema, akapasuliwa, ataishi?

Jibu la leo linatia moyo kuliko watu wengi wanavyodhani. Kwa kipimo kinachotumiwa duniani kupanga hatua za saratani hii, uvimbe mdogo usiozidi sentimita moja, ambao haujafika kwenye tezi wala mahali pengine, watu kama 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka mitano. Ukikua ukafika sentimita tatu hadi nne, wanakuwa kama 7 kati ya 10. Ukishasambaa mwilini, wanabaki wachache mno. Tofauti hiyo yote inatokana na sentimita chache na miezi michache.

Lakini mwanajeshi mstaafu si mgonjwa wa kawaida. Ni mzee, mara nyingi ana ugonjwa wa moyo, na mapafu yake yaliyobaki yamechoka kwa moshi wa miaka 40. Mpasuaji hawezi kumwondolea sehemu ya pafu kabla ya kupima kama zile zitakazobaki zitamtosha. Humpulizisha kwenye mashine, wakati mwingine humpandisha ngazi huku akimtazama. Kwa muda mrefu kanuni ilikuwa kuondoa sehemu nzima ya pafu yenye uvimbe. Utafiti wa mwaka 1995 ulionyesha kwamba waliokatwa kipande kidogo tu, saratani iliwarudia palepale mara tatu zaidi. Miaka ya 2022 na 2023 tafiti mbili kubwa, moja ya Japani na moja iliyoongozwa na Wamarekani, zikaonyesha kwamba kwa uvimbe usiozidi sentimita mbili ulio pembeni mwa pafu, kukata kipande kidogo kunatosha. Hiyo ni habari njema kwa mzee mwenye pumzi fupi. Kwa asiyeweza kupasuliwa kabisa kuna mionzi inayolengwa kwenye uvimbe peke yake, na tangu mwaka 2017 hospitali za wanajeshi wastaafu za Marekani zilianza utafiti wa kulinganisha mionzi hiyo na kisu.

Kuna utafiti mmoja ambao mimi nauona unafaa kusomwa na kila familia. Ulitoka mwaka 2021. Watafiti wake wakuu walikuwa St. Louis, katika chuo kilekile cha Graham, nao walifungua mafaili ya wanajeshi wastaafu 9,904 waliopasuliwa saratani ya mapafu ya hatua ya kwanza kati ya mwaka 2006 na 2016. Walihesabu siku tangu picha ya CT ilipopigwa hadi siku ya kisu. Wastani ulikuwa siku 70 hivi. Waliona kwamba mgonjwa aliyesubiri zaidi ya wiki 12 alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya saratani kumrudia, na hatari iliongezeka kila wiki iliyopita baada ya hapo. Angalia vizuri: wiki za mwanzo, za kupima moyo na kuandaa mwili, hazikumdhuru mtu. Kilichodhuru ni kule kukaa tu.

Kundi hilo la watafiti likachunguza na sigara baada ya upasuaji. Zaidi ya nusu ya wale waliokuwa wakivuta walipopasuliwa walikuwa bado wanavuta mwaka mmoja baadaye. Nao waliishi muda mfupi zaidi kuliko walioacha. Usiwacheke. Mtu aliyefundishwa kuvuta na mkubwa wake wa jeshi akiwa kijana, na akaikimbilia sigara kila alipoogopa, haachi kwa kukemewa. Huacha kwa kusaidiwa, kwa dawa ikipatikana, na kwa nyumba isiyo na kibiriti mezani.

Nigusie na jambo la haki. Mwaka 1999 daktari Peter Bach na wenzake walichapisha habari za wazee wa Marekani waliokuwa na bima ya serikali na saratani ya mapafu ya mapema. Kati ya weupe, 77 kwa kila 100 walipasuliwa. Kati ya weusi, 64. Waliopasuliwa waliishi karibu sawa, bila kujali rangi. Kwa hiyo kilichowapunguzia weusi maisha hakikuwa damu yao, kilikuwa ni kutofika kwenye meza ya upasuaji. Katika hospitali za wanajeshi wastaafu, ambako mtu hatibiwi kwa kipimo cha mfuko wake, watafiti waliofuatilia baadaye waliona maisha ya weusi na weupe wenye ugonjwa huu yakikaribiana.

Hospitali hizo pia zilijaribu kutafuta ugonjwa kabla ya dalili. Kati ya mwaka 2013 na 2015, hospitali nane ziliwapiga picha ya CT yenye mionzi kidogo wastaafu 2,106 waliowahi kuvuta sana. Zaidi ya nusu walikutwa na vivimbe, ambavyo karibu vyote havikuwa saratani. Saratani zilikuwa 31. Ndiyo maana kipimo hiki hakifanywi kwa kila mtu: kinaokoa, na pia kinatia hofu nyumba nyingi bure.

Sasa wewe mama wa hapa kwetu, mwenye mzee anayekohoa. Hapa Kenya kikohozi cha zaidi ya wiki mbili kwanza ni cha kupima kifua kikuu, na hilo ni sawa kabisa. Peleka makohozi yapimwe. Shida huja pale makohozi yanapoonyesha hakuna kifua kikuu, au mgonjwa anapomeza dawa za kifua kikuu wala habadiliki, na bado anaambiwa aendelee tu. Kukohoa damu, kupungua mwili, maumivu ya kifua au bega yasiyoisha, sauti iliyokauka kwa wiki kadhaa, nimonia inayorudi upande uleule: haya ni ya kuuliza upya. Uliza waziwazi, bila kuona haya: “Daktari, je, picha inaonyesha kivimbe? Tunahitaji CT? Tutumwe hospitali gani?” Mwambie daktari pia kama mzee alivuta sigara, hata kama aliacha zamani. Wazee wengi husema havuti, kwa maana ya kwamba havuti siku hizi.

Akipasuliwa, kazi yako ni kubwa kuliko unavyofikiri. Pafu lililobaki linapaswa kupanuka, na halipanuki kwa mtu anayelala chali akiogopa maumivu. Mkalishe. Mpe mto aukumbatie juu ya kidonda anapokohoa, akohoe kwa nguvu, atoe makohozi. Avute pumzi ndefu mara kumi kila saa akiwa macho, atembee hadi mlangoni, kesho hadi uani. Dawa za maumivu apewe kwa wakati wake, kwa maana mwenye maumivu hapumui vizuri. Homa, usaha kwenye kidonda, au pumzi inayokatika ghafla, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Na kabla ya hayo yote, siku mtakapopewa bahasha ya picha ya kifua, chukua kalamu uandike tarehe juu yake. Kisha fungua kalenda ya ukutani, hesabu wiki 12 kutoka hapo, utie alama. Ukienda kliniki, nenda na bahasha hiyo mkononi.